Ann Chelimo: Jua Alilodhani Amelikosea

Ann Chelimo alizaliwa asubuhi ya tarehe 11 Septemba 1962, karibu na Sigor, Chepalungu, saa ile ng'ombe wanafunguliwa kwenda malishoni. Ndiyo maana akaitwa Chelimo. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Arap Mosonik na marehemu Mama Tapkigen. Sigor ya siku hizo ilikuwa na jua jingi na maji machache, na mtoto aliyekulia huko hangeweza kufikiri kwamba kuna siku binadamu anaweza kuishiwa na jua.

Alilelewa zaidi na nyanya yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyowaita nyanya zao. Kogo alishika desturi ya wazee. Kila kulipopambazuka alitoka nje, akageukia mashariki, akatema mate kidogo kuelekea jua linapochomoza, akaomba watoto waamke salama na ng'ombe warudi wote. Kwa Kipsigis jua ni asista, na wazee wa zamani walimwita Mungu Asis. Maneno hayo yanakaribiana kiasi kwamba mtoto anaweza kukua bila kujua moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi.

Alianza shule mwaka wa 1970, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1976, na akafika kidato cha pili kabla karo haijakatika. Alipenda hesabu na alikuwa na mwandiko mzuri. Alibatizwa Desemba ya 1975, akiwa na miaka kumi na mitatu. Asubuhi iliyofuata, wainjilisti wakiwa uani wanakunywa chai, Kogo alitoka kama kawaida yake akatema mate kuelekea jua. Chelimo, akiwa bado na gauni lake jeupe, aliona aibu. Alimshika Kogo mkono akamvuta.

"Kogo, ingia ndani! Hiyo ni dhambi."

Kogo aliuangalia ule mkono uliomshika. Hakugomba. Aliingia ndani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona tena mlangoni kulipopambazuka. Alifariki mwaka wa 1981. Chelimo hakumwomba msamaha, na kwa karibu miaka hamsini hakumsimulia mtu jambo hilo. Linasomwa leo mazikoni kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisomwe.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Nicholas Kipkosgei wa Kedowa. Akatoka kwenye joto la Chepalungu akaja kwenye ukungu huu wetu, na mwaka wa kwanza alivaa sweta mbili hata jikoni. Nicholas alijulikana kote kama mtu asiyeweza kusema uongo. Siku ya koito, wazee wa pande zote mbili wakiwa wameketi kupatana mahari, aliulizwa kama ng'ombe aliowaleta ni wazuri. Akasimama akasema, "Wanne ni wazuri. Huyu mwekundu anapiga teke." Wazee wa Sigor walicheka mpaka wakafuta machozi, na baba ya Chelimo akasema huyo mwekundu ndiye atamchukua kwanza. Ndoa yao ilibarikiwa na watoto watatu: Nelvine, Kiplimo na Vinny.

Mwaka wa 1989 aliajiriwa katika kiwanda cha chai upande wa Kericho, akafanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka wa 2021. Alikuwa katika chumba cha kuchekecha, mahali chai iliyokauka inapopitishwa kwenye chekeche kubwa ili majani yajitenge na vumbi. Wenzake wanakumbuka kwamba mashine ikianza kuharibika, Chelimo aliisikia kabla ya fundi. Alifumba macho, akainamisha kichwa, akasema, "Ya pili imelegea." Na kweli huwa ni ya pili. Ni chumba kisicho na dirisha la maana. Alitoka nyumbani jua halijatoka, akarudi limeshalala. Hakuwahi kulalamika juu ya hilo. Alisema chai imesomesha watoto.

Kiswahili chake alikipata mahali patatu, na hili litahitajika mbele. Alikipata kanisani, ambako kukosa ni kutenda dhambi. Alikipata kiwandani, ambako kosa ni jambo la kuandikiwa barua ya onyo. Na alikipata dukani kwa rafiki yake Wakonyo, hapa Kedowa. Wazazi wa Wakonyo walihamia hapa kutoka Murang'a, na duka lake limesimama barabarani tangu mwaka wa 1993. Wawili hao waliishi kwa kuchekana. Chelimo alitamka Bomet kama Pomet, kwa hivyo Wakonyo akamwita Mama Pomet. Wakonyo naye hakuweza kusema "kali". Kwake pilipili ilikuwa kari, mbwa alikuwa kari, na jua pia.

Ugonjwa ulianza wakati wa Pasaka ya 2024. Tonge la ugali lilimkwama kifuani. Akanywa maji, maji yakarudi. Alidhani amekula haraka. Wiki zilivyopita akahamia uji, kisha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, kisha hata mursik ikawa inapita kama inaomba ruhusa. Tarehe 19 Juni 2024, katika hospitali moja huko Bomet, aliambiwa ana saratani ya umio, na kwamba imeshafika kwenye ini. Waliokuwa naye wanasema hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Nitakufa kwa njaa?" Madaktari wakamwekea kibomba kidogo cha waya ndani ya umio ili chakula kipite, wakamwambia hapana, si kwa njaa. Lakini ile hofu ya kusongwa haikumtoka. Hata mate yake mwenyewe yalikuwa mazito kumeza, akawa anaweka kopo la kuyatemea kando ya kitanda.

Mwanzoni mwa mwaka huu mapaja yake yaliisha nguvu. Akikaa kwenye kigoda, hakuweza kuinuka bila kushikwa. Mifupa ya miguu na mbavu ilimuuma ukiigusa tu, na vidole vilikuwa vinakakamaa vyenyewe. Tarehe 6 Mei 2025 Nelvine, kitinda mimba Vinny akiendesha gari, alimrudisha hospitalini. Damu ilipimwa, na daktari kijana aitwaye Opondo akaja na majibu.

"Mama, nimepata kitu," alisema. "Vitamini D iko chini sana. Ni vitamini ambayo mwili unatengeneza kwa jua. Kwa lugha rahisi, mama amekosa jua."

Nelvine alicheka kidogo. "Jua la Kenya lote hili, daktari?"

"Dada, hata kwetu Kisumu tunawaona, na huko jua linakaanga samaki bila mafuta. Mgonjwa wa saratani iliyoendelea hali chakula vizuri, hatoki nje, amelala ndani miezi. Inaisha tu. Nitampa matone. Nisikudanganye, hayataponya saratani. Labda mifupa itapunguza kuuma, labda miguu itapata nguvu kidogo. Siwezi kuapa. Lakini ni jambo ambalo tunaweza kulirekebisha, na yaliyobaki ya kurekebisha ni machache."

Nelvine aliyasikia yote hayo. Mama yake alisikia maneno mawili. *Amekosa jua.* Hakuuliza kitu. Njiani kurudi alijifunika leso usoni, na Vinny akadhani mwanga unamuumiza macho, akamteremshia kile kibao cha mbele cha kuzuia jua.

Kuanzia siku hiyo Chelimo alikuwa mtu aliyewindwa. Aliomba blanketi litundikwe dirishani kwa misumari. Wageni waliambiwa hataki kuonwa alivyokonda, na hilo liliaminika, kwa maana ni jambo la kawaida. Lakini paa la chumba kile lina tundu moja la msumari wa zamani, na siku za mwanga uzi wa jua ulipenya hapo ukaangukia sakafuni. Kuanzia saa tatu ulikuwa unatambaa kutoka mlangoni kuelekea kitandani. Chelimo aliutazama asubuhi nzima. Ulipofika kwenye ukingo wa kitanda, alivuta miguu. Ulipopanda kwenye shuka, alijisogeza ukutani, na mifupa ile ikampigisha ukelele. Nelvine alimwuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Akajibu, "Hakuna."

Na matone hayakumezwa. Chupa iliandikwa kwa mkono wa mfamasia: *vitamini ya jua*. Chelimo alijiuliza, ataimezaje dawa ya yule aliyemkosea? Alikinga ulimi, akangoja Nelvine ageuke, akatema kwenye kopo. Kila asubuhi, kwa wiki saba. Baadaye alieleza kwamba hakuwa anaogopa kufa. Kufa alikuwa ameshakuzoea kama jirani. Alichoogopa ni kufa akiwa amekataliwa, afike huko mbele akute Kogo amesimama mlangoni naye amshike mkono amwondoe. Muumini wa miaka hamsini, aliyeongoza kwaya ya akina mama, alikuwa amelala akimwogopa Asis wa nyanya yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Angemwambia mchungaji, mchungaji angesikitika. Angemwambia Nicholas, Nicholas asingeweza kuficha.

Kufikia katikati ya Juni alihitaji watu wawili kumsimamisha. Kipimo cha pili kilikuwa chini kuliko cha kwanza. Daktari Opondo aliitazama ile karatasi, akamtazama mama, akasema kwa simanzi, "Mbona haipandi?" Chelimo alifumba macho. Kwake hilo lilikuwa jibu: hata dawa imekataa.

Tarehe 24 Juni Wakonyo alifika na chupa ya uji mwepesi wa wimbi. Alisimama mlangoni akingoja macho yazoee giza.

"Wewe Mama Pomet, hii nyumba imekuwa stoo ya viazi? Viazi ndio wanafichwa jua wasigeuke kijani."

"Wacha hiyo planketi," Chelimo alisema. "Jua itaingia."

"Si ndiyo nataka? Jua kari kama ya leo, hapa Kedowa tunapata mara ngapi?"

"Kali."

"Kari. Ndiyo nimesema."

Wakonyo alilikamata blanketi kwa pembe akalivuta, na misumari miwili ikang'oka. Mwanga ukaanguka kitandani wote kwa pamoja. Chelimo alipiga kelele ambayo Nelvine aliisikia akiwa zizini. Alijikunja, akafunika uso kwa mikono miwili.

"Funga! Funga, Wakonyo! Nimeikosa!"

Wakonyo alirudisha blanketi, akalishikilia kwa mkono kwa kuwa misumari ilikuwa sakafuni. "Umeikosa namna gani?"

Ndipo Chelimo alipomwambia. Alimwambia akiwa amefunika uso, kuanzia gauni jeupe na mkono wa Kogo hadi maneno ya daktari na yale matone kwenye kopo. Wakonyo hakumkatiza. Hakucheka. Alipomaliza, Wakonyo alikuwa bado amelishikilia blanketi, na bega limeanza kumuuma.

"Mama Nelvine," alisema mwishowe, akiliacha lile jina la utani. "Unakuja duka yangu tangu mwaka gani?"

"Tisini na tatu."

"Ukikuja nikuambie, 'leo nimekosa sukari', unafikiria nimefanya nini?"

Chelimo aligeuza kichwa kuelekea sauti, mikono bado usoni.

"Unafikiria nimetukana mama ya sukari? Nimeitisha sukari kikao cha wazee?"

"Hapana," Chelimo alisema polepole, chini ya mikono yake. "Imeisha."

"Eeh. Imeisha. Nimekosa sukari, nimekosa mafuta, juzi nimekosa hata kiberiti. Sijakosea mtu. Daktari amekuambia tu stoki ya jua imeisha kwa mwili. Ukikosa kitu unaenda kuileta. Ukikosea mtu unaenda kumwomba msamaha. Hizo ni safari mbili, na wewe umekaa hapa wiki saba hujafanya hata moja."

Chelimo alishusha mikono. "Na Kogo?"

Wakonyo angeweza kumfariji kwa uongo mdogo. Hakufanya hivyo. "Huyo ulimkosea," alisema. "Huyo ni ukweli. Lakini si jua."

Tunamshukuru Mama Wakonyo hapa, mbele ya wote. Kongoi.

Kesho yake, kulipopambazuka, Chelimo aliomba atolewe nje. Nicholas na Kiplimo walimbeba na kiti chake, wakauliza wamgeuzie wapi, akaonyesha mashariki, kule Londiani. Kulikuwa na baridi ya Juni na ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai kama maziwa yaliyomwagika. Alikaa amefungwa shuka mbili, na alikuwa anaogopa. Nicholas anasema Chelimo alimshika mkono mpaka kucha zikaingia. Jua lilipotoka juu ya msitu lilimfika magotini kwanza. Hakuvuta miguu. Kisha akainama mbele, na yale mate ambayo ugonjwa ulikuwa umeyafanya adha ya mchana kutwa, akayatema kidogo kuelekea mashariki, akasema neno moja: "Kogo."

Aliagiza tuseme wazi kwamba hakuwa anaabudu jua. Alikuwa anamrudishia mwenye kitu kitu chake. Mchungaji wetu alipoelezwa, alisema yeye pia alikuwa na nyanya.

Tangu siku hiyo alimeza matone yake, na siku za jua alikaa nje. Baada ya wiki nne vidole viliacha kukakamaa, na mara moja, Julai 22, aliinuka kwenye kiti akishikwa na mtu mmoja badala ya wawili. Kama ni matone, au ni jua, au ni moyo uliopumua, daktari Opondo alisema tena kwamba hawezi kuapa. Saratani haikusikia habari za matone. Iliendelea na safari yake. Hofu nayo haikuisha yote: hadi mwisho aliogopa kusongwa, na kila kijiko alikitazama mara mbili kabla ya kufungua kinywa. Lakini hakuwindwa tena. Alimwambia Nelvine, "Yaandike haya. Kuna mtu mahali ameambiwa neno na daktari, akaenda nalo nyumbani likiwa limevunjika. Aulize. Arudi aulize."

Siku tatu za mwisho mvua na ukungu havikuachana. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 2025, mwendo wa saa tatu, saa ambayo ule uzi wa jua ungekuwa unaanza kutambaa, Chelimo alifungua macho akamwuliza mumewe, "Jua iko?"

Nicholas alitazama dirishani. Hakukuwa na blanketi tena, lakini hakukuwa na kitu cha kuona pia. Hata mti wa kwanza wa uani ulikuwa umemezwa. Nelvine alikuwa chumbani, na anakumbuka jinsi alivyoogopa, akijua baba yake hajui kudanganya.

"Iko," Nicholas alisema. "Haijaenda mahali. Ni sisi tumefunikwa."

"Haya," alisema Chelimo. Alifariki saa nne kasorobo, bila kusongwa.

Ameacha mumewe, Bwana Nicholas Kipkosgei, watoto wake Nelvine, Kiplimo na Vinny, wajukuu wanne, kaka yake Isaiah, na rafiki yake Wakonyo, ambaye familia imeomba aketi leo upande wa jamaa. Ametanguliwa na wazazi wake, na Kogo, ambaye jina lake kamili, Tabutany, tunalitaja hapa kwa sababu Chelimo alitaka litajwe siku hii.

Tumemlaza akielekea mashariki, kama alivyoomba. Leo kuna mawingu.

Lala kwa amani, Chelimo. Hukulikosea.